Ninayemwelekeza Kazi Usiku Ndiye Kiongozi Wangu Mchana: Nitafute Cheti au Nirudi Chuoni?

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 32 na ninaishi jijini Mwanza. Nina Stashahada ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na tangu nilipohitimu nimekuwa nikifanya kazi katika kampuni ya ukubwa wa kati inayosambaza huduma ya intaneti kwenye ofisi, hoteli, shule na hospitali za Kanda ya Ziwa. Nilianza kwa kupanda juu ya mapaa kufunga redio na kuvuta kebo, na kwa miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa kupanga ruta na swichi za wateja, yaani vifaa vinavyounganisha na kugawa mtandao, pamoja na kutatua hitilafu zinazowashinda mafundi walioko saiti. Kazi hii naipenda kwa moyo wote, na wateja wengi wananifahamu kwa jina. Wapo wanaonipigia simu mimi kabla ya kupiga namba ya huduma kwa wateja.

Kinachonisumbua kilianza mwaka jana, kampuni ilipomwajiri kijana kutoka Dar es Salaam. Elimu yake ya chuo ni stashahada kama yangu, na umri wake ni mdogo kuliko wangu, lakini alikuja na vyeti vitatu vya kitaalamu, kimoja kikiwa CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao kinachotolewa na Cisco, kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa hivyo. Haukupita muda mrefu akateuliwa kuwa kiongozi wa timu ya ufundi. Sina ugomvi naye, ni kijana mwenye heshima na ananiita dada. Tatizo ni kwamba mambo yanapoharibika, simu inayolia ni yangu. Usiku mmoja hospitali tunayoihudumia ilipoteza mtandao ghorofa nzima, mapokezi hadi maabara, na yeye alikuwa pale saiti amekwisha kuzima na kuwasha ruta bila mafanikio. Nilimwambia aache ruta, aende kwenye swichi ya ghorofa atazame taa zake. Akasema taa zote zinapepesa kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumzika. Nikamwelekeza achomoe kebo moja baada ya nyingine hadi taa zitulie. Ilikuwa kebo moja tu ambayo mtu aliyekuwa akifanya usafi aliikuta imechomoka, akaichomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Asubuhi yake meneja alimpongeza mbele yetu sote kwa kurejesha huduma. Sikusema neno. Sijawahi kuomba cheo wala kujisifu kazini, kwa sababu nililelewa nikiamini kwamba kazi ya mtu humsemea.

Sasa nina akiba ya shilingi milioni 3.2 niliyoikusanya kupitia kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kaka yangu, ambaye yuko benki huko Dar es Salaam, ananishauri nisome CCNA na baadaye vyeti vya usalama wa mtandao, akisema matangazo mengi ya kazi anayoyaona yanavitaja na kwamba nimechelewa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari na anaona tofauti. Anasema shahada ndiyo elimu, na kwamba vyeti hivi ni biashara ya kampuni za Marekani: unalipa kwa dola, na baada ya miaka mitatu kinakwisha muda kama leseni ya udereva, unaanza kulipa tena. Ananiuliza kama nimewahi kuona shahada inayokwisha muda, nami sina la kumjibu. Anataka nijiunge na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nisome huku nikiendelea na kazi, na GPA yangu ya stashahada, ambayo ni 3.6, inaniruhusu kuomba. Ada ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama zake itakula sehemu kubwa ya akiba yangu, na miaka inayofuata sijui itatoka wapi.

Lipo na jambo la tatu ambalo sijamwambia mtu. Mwenzangu kazini amenipa habari za kundi linalouza maswali halisi ya mtihani pamoja na majibu yake. Anasema wiki mbili za kukariri zinatosha, na kwamba wengi wamepita njia hiyo. Mwanzoni nilikataa, lakini nikifikiria gharama ya kufeli mtihani, na nikikumbuka kwamba kazi yenyewe ninaijua, nasikia sauti ndani yangu ikiniambia kwamba sitakuwa nimemdanganya mtu.

Mshauri, je, vyeti hivi vina thamani ya kweli katika maisha ya mtu kama mimi, au ni karatasi za kununua heshima? Nitumie akiba yangu kwa cheti, nirudi chuoni, au nibaki nilivyo na fedha ziende kwenye elimu ya watoto wangu?

Ni mimi,
Fundi wa Kanda ya Ziwa

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nakupa pole kwa asubuhi ile uliyosimama kimya ukisikia kazi yako ikisifiwa kwa jina la mwingine. Jambo la namna hiyo huuma hata kama aliyesifiwa hakukusudia ubaya.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza swali kuhusu fedha, yaani milioni 3.2 ziende wapi, lakini ndani yake liko swali kuhusu kutambuliwa: kwa nini watu wanaonufaika na ujuzi wako hawakupi nafasi inayolingana nao. Maswali haya mawili yanagusana, ila si swali moja, na nina wasiwasi kwamba ukilijibu la pili kwa kununua dawa ya la kwanza unaweza kutumia akiba yako yote na bado ukabaki na uchungu uleule. Kwa hiyo niruhusu niyachukue polepole, nikianzia kwenye vyeti vyenyewe.

Nimekaa upande wa wanaosaili kwa miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba cheti cha kitaalamu hufanya kazi yake kubwa kwa mtu asiyekujua. Mwajiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat mwenye rundo la maombi mezani hana njia ya kujua kwamba wewe ndiye unayepigiwa simu usiku. Anachokiona ni karatasi, na miongoni mwa karatasi hizo CCNA humwambia kitu anachokielewa mara moja, kwa sababu mtihani ni uleule Mwanza na Manila. Lakini meneja wako anakujua, au angepaswa kukujua. Kwake yeye cheti kina maana nyingine kabisa, na hapa nataka tuitazame upya hadithi ya kijana yule.

Umeandika kana kwamba vyeti vyake vilithibitisha kwa meneja kwamba anajua zaidi yako. Inawezekana. Lakini iko sababu nyingine ya kawaida sana katika biashara hii ambayo mafundi wengi hawaelezwi. Katika zabuni za mitandao, mnunuzi mara nyingi hudai wasifu wa mafundi wakuu pamoja na nakala za vyeti vyao, na kampuni isiyokuwa navyo hupoteza alama kabla bei yake haijasomwa. Vilevile, watengenezaji wakubwa wa vifaa, Cisco wakiwamo, hawaitambui kampuni kuwa mshirika wa ngazi fulani mpaka iwe na wafanyakazi wenye vyeti vinavyotakiwa. Huenda basi kijana yule aliletwa na kupandishwa kwa sababu jina lake lilihitajika kwenye makaratasi ya kampuni, bila mtu yeyote kukaa chini kupima nani kati yenu ni fundi bora. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu siijui kampuni yenu. Nasema tu kwamba ukilijua hili, mazungumzo yako na meneja yanabadilika. Badala ya kuomba upendeleo, utakuwa unauliza swali la biashara: je, kampuni ingefaidika nikiwa na CCNA, na kama ingefaidika, iko tayari kulipia mtihani?

Hilo lanipeleka kwenye sentensi moja ya barua yako niliyoitazama kwa muda mrefu, ile inayosema hujawahi kuomba cheo kwa sababu kazi ya mtu humsemea. Ni malezi mazuri, na wazazi wako walikulea kwa heshima. Hata hivyo kazi ya mitandao ina tabia ya kutoonekana pale inapofanywa vizuri. Mtandao ukienda sawa hakuna anayeuliza nani kaupanga, na hitilafu ikitatuliwa kwa simu saa nane za usiku, rekodi inayobaki ni ya aliyekuwa saiti. Je, tukio lile la hospitali liliandikwa mahali popote kwa jina lako? Je, meneja aliwahi kusikia kutoka kinywani mwako kwamba unautaka uongozi? Unaweza kumwambia bila kumshusha kijana, na huenda kijana mwenyewe, kwa jinsi ulivyomweleza, angekuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Sasa nikuulize jambo la kiufundi kuhusu usiku ule. Dawa uliijua, na kwa kuitoa kupitia simu ulionyesha ukomavu ambao mtihani haupimi. Lakini je, unajua kwa nini swichi ile ilishindwa kujikinga na data iliyokuwa ikizunguka bila kikomo kupitia kebo ile? Mwaka 1985 mwanamama Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment, alibuni kanuni inayoziwezesha swichi kugundua kwamba njia imejizungusha na kuifunga zenyewe, na kanuni hiyo, inayoitwa STP, imo ndani ya swichi nyingi za kazi hadi leo. Kama swichi ya hospitali ilikuwa ya aina rahisi isiyopangika, haikuwa na kinga hiyo. Kama ilikuwa nayo na ilizimwa, au haikuwahi kupangwa, hilo ni jambo jingine, na ghorofa nyingine za hospitali hiyo ziko hatarini vilevile. Kama ulikuwa unayajua haya yote, basi uko karibu sana na mtihani kuliko unavyodhani. Kama ulijua kuchomoa kebo lakini si sababu yake, basi silabasi ya CCNA ina cha kukupa mbali kabisa na karatasi, kwa sababu STP ni mojawapo ya mambo inayoyafundisha. Ninaligusa hili kwa upole, maana mafundi waliojifunza kazini huwa hodari sana katika yale waliyokutana nayo, na huwa na mapengo katika yale ambayo saiti zao hazijawahi kuwaletea. Wewe peke yako ndiye unayeweza kujipima uko wapi.

Kuhusu hoja ya mume wako, nisingependa uipuuze, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtihani wa sasa wa CCNA, wenye namba 200-301, unagharimu dola 300 kabla ya kodi, yaani kiasi cha shilingi 750,000 hadi 800,000 kutegemea bei ya dola. Ukifeli unasubiri siku tano na kulipa upya kiasi kizima. Cheti kinadumu miaka mitatu, na ili kukihuisha unafanya mtihani mwingine au unakusanya pointi za mafunzo endelevu. Ukikiacha kikaisha, unarudi mwanzo. Historia nayo inampa mume wako nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wenye cheti cha Novell, kampuni ya programu za mtandao, walitafutwa kila mahali, na soko lilipohamia kwenye Windows thamani ya cheti hicho ikayeyuka. Microsoft nao walifuta MCSE, cheti kilichokuwa fahari ya kizazi kizima cha mafundi, tarehe 31 Januari 2021.

Lakini leseni aliyoitolea mfano inakwisha muda kwa sababu fulani, na sidhani kwamba sababu hiyo ni biashara peke yake. Vifaa na mbinu hubadilika, na mwajiri anataka kujua kwamba anayesema anajua mtandao anaujua wa leo. Shahada haikwishi muda kwenye karatasi, ni kweli, ila baadhi ya yaliyomo huzeeka pasipo mtu kugonga mhuri. Kinachobaki katika shahada nzuri ni misingi: hisabati, mifumo endeshi, hifadhidata, uandishi wa ripoti, uwezo wa kujifunza usichofundishwa. Na kinachobaki katika shahada yoyote, katika nchi yetu, ni mlango wa utumishi wa umma. Kwa nafasi za Afisa TEHAMA zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, shahada ndiyo sharti la kuingilia, na CCNA haiwezi kukaa mahali pake hata uwe nazo kumi. Kwa hiyo kabla hujapima kipi ni bora, jiulize unajiona wapi miaka kumi ijayo. Kama ni halmashauri, taasisi ya serikali au siku moja kufundisha chuoni, mume wako amekuonyesha njia ambayo haina mkato. Kama ni kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, benki au kazi nje ya nchi, ushauri wa kaka yako una uzito zaidi, ingawa hata huko usishangae kukuta tangazo linalodai vyote viwili. Katika barua yako sikuona mahali uliposema unataka kwenda wapi. Niliona mahali mume wako anapotaka uende, na mahali kaka yako anapotaka uende.

Njia ya chuo ina hatari zake. Ni miaka kadhaa ya kusoma usiku baada ya kazi ambayo yenyewe hukuamsha usiku, ukiwa na watoto wawili, na umekiri kwamba ada ya miaka inayofuata hujui itatoka wapi. Mwanafunzi anayeacha katikati kwa kukosa ada hubaki na deni la muda na fedha bila karatasi yoyote mkononi. Njia ya cheti nayo ina zake: unaweza kuwekeza, ukafaulu, na meneja akakupongeza huku mshahara ukibaki palepale, kwa sababu Mwanza waajiri wa ngazi hiyo si wengi na huenda thamani ya cheti isionekane mpaka uwe tayari kuhama. Je, familia yenu inaweza kuhama? Hili ni swali la nyumbani kuliko la kazini, na mwalimu wa sekondari hapati uhamisho kwa kupenda.

Uko pia uwezekano ambao kaka na mume hawakuutaja. Kampuni kama yenu, zinazotumia redio na ruta nyingi kwa wateja wadogo, mara nyingi hutumia vifaa vya MikroTik. Kama ndivyo, cheti chao cha mwanzo, MTCNA, hupatikana kwa darasa fupi la mkufunzi aliyeidhinishwa na mtihani mwishoni mwake, na kwa mtu anayepanga ruta hizo kila siku si mlima. Jina lake halifiki mbali kama la Cisco, na nacho kinadumu miaka mitatu. Lakini kinaweza kukupa mwanzo usiotikisa akiba yako. Kuhusu vyeti vya usalama alivyovitaja kaka yako, ujue kwamba vile vikubwa havitolewi kwa mtihani peke yake. CISSP inadai uzoefu wa kazi wa miaka mitano katika angalau nyanja mbili kati ya nane zake, na usalama wa mawasiliano na mitandao ni mojawapo. CISA ya wakaguzi wa mifumo nayo inadai uzoefu wa aina hiyo. Miaka uliyoitumia kwenye kazi, ambayo leo unaiona haikukulipa, huko inaweza kuhesabiwa. Anza kuiandika: mradi gani, mteja wa aina gani, jukumu lako lilikuwa nini.

Na kuhusu maswali yanayouzwa, ninakushukuru kwa kuniamini na siri hiyo. Sauti inayokuambia hutakuwa umemdanganya mtu naielewa inatoka wapi, kwa kuwa kazi unaijua kweli. Lakini tazama hatari zake bila woga. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya kutotumia maswali yaliyoibwa, na Cisco wakibaini wanaweza kufuta matokeo, kukunyang'anya cheti na kukufungia mitihani yao. Iko na hatari iliyo karibu zaidi. Kwenye usaili nimezoea kumpa mtu kipande cha karatasi na kumwambia: una mtandao wa 192.168.10.0/24, yaani wenye anwani 256, ugawe kwa idara nne zilizo sawa. Anayejua huandika /26, yaani anwani 64 kwa kila idara, 62 kati yake za kutumika, na kabla hujamaliza kumtazama ameshaanza kuuliza idara ipi itakua haraka. Aliyekariri huanza kutazama dari. Nimewaona wengi wa aina hiyo, na ninasikitika zaidi ninapogundua kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kujifunza kwa haki. Wewe ungeingia na kitu cha kweli kichwani halafu ukaishi na hofu ya mtu mwenye kitu cha bandia. Je, unafuu wa wiki mbili unatosha kulipia hofu hiyo? Jibu ni lako, na ninaamini unalo.

Kuna hatua kadhaa unazoweza kuchukua kabla ya kugusa hata shilingi moja ya akiba, na hakuna hata moja inayokufungia njia nyingine. Huhitaji darasa la gharama ili uanze. Programu ya Packet Tracer ya Cisco ni ya bure na inakuwezesha kujenga mtandao mzima kwenye kompyuta yako, ukauvunja na kuutengeneza. Vipo pia vyuo kadhaa nchini vinavyofundisha kozi za Cisco Networking Academy. Jenga humo mtandao wa hospitali ile, uweke kebo inayojizungusha, uone swichi inafanya nini STP ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Ukitumia miezi michache hivyo utajua mambo mawili ambayo barua yangu haiwezi kukuambia: kama mtihani uko ndani ya uwezo wako, na kama bado unaufurahia usomaji huu kiasi cha kuukabili wa miaka kadhaa chuoni. Mtihani unaweza kulipiwa siku utakapokuwa tayari, kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani hii, au nyumbani kwa kusimamiwa kupitia kamera. Huo wa nyumbani unahitaji umeme na intaneti isiyokatika, jambo ambalo wewe utalipima vizuri kuliko mimi. Na kwa kuwa umeolewa, hakikisha jina unalojisajilia ni lile lile lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha, kwani watu huzuiwa mlangoni kwa tofauti ndogo ya jina na fedha zao zikapotea.

Wakati huohuo zungumza na meneja. Kama atakubali kampuni ilipie, kuna uwezekano mkubwa atakutaka usaini mkataba wa kubaki kwa muda fulani au kurudisha gharama. Usiuogope mkataba huo wala usiusaini siku hiyohiyo. Soma unakufunga kwa muda gani, kiasi cha kurudisha kinapungua kadiri unavyotumikia au hakipungui, na kama kuna neno lolote kuhusu mshahara utakapofaulu. Akikataa kabisa, au akicheka, hata hilo litakuwa taarifa muhimu kuhusu mahali ulipo.

Nimeyaacha mazungumzo na mume wako mwisho kwa sababu ndiyo ninayoyaona mazito kuliko yote. Nilipokuwa nikisoma maneno yake sikusikia mtu anayekuzuia. Nilisikia mwalimu anayeogopa kuona akiba ya mke wake ikienda mahali asipopaelewa, na ambaye maishani mwake karatasi iliyomwinua ni ile ya chuo. Je, amewahi kukuona ukifanya kazi? Siku utakapoketi na Packet Tracer mezani, mkaribishe aketi kando yako, umwonyeshe taa zinapopepesa na sababu yake. Kisha mwambie mambo mawili ambayo hujamwambia: jinsi ulivyojisikia asubuhi ile mbele ya meneja, na lile kundi la maswali. Mkae na ada ya chuo, dola za mtihani na mahitaji ya watoto kwenye karatasi moja, kwa mwaka huu na kwa mwaka unaofuata, maana akiba hii umeikusanya wewe lakini matokeo yake mtayaishi wote wanne. Huenda mkaamua chuo kwanza na cheti kitoke kwa mwajiri; huenda mkaanza na cheti ili nyongeza yake ichangie ada; huenda mkaona huu si mwaka wa lolote kati ya hayo. Sitakuchagulia, binti yangu, kwa sababu simjui meneja wako, siijui nyumba yenu, na usingizi utakaopotea ni wako. Ila mkishazungumza, na meneja akishakujibu, niandikie tena. Ningependa sana kujua unataka kwenda wapi, kwa maneno yako mwenyewe.